Maji Hayana Ukoo

Mwenye moyo ni mimi. Naanza na hilo kwa sababu siku zile hospitalini hapakuwa na mtu aliyelikumbuka. Jamaa zangu walikuwa wakija, wakikaa kwenye kitanda changu hata miguu yangu iliyovimba ikakosa pa kuwekwa, wakibishana ni kitu gani kitiwe katika mshipa wangu siku ya kupasuliwa. Nikifungua kinywa, shangazi ananiwekea kiganja kifuani na kuniambia nisijichoshe. Nisijichoshe! Kilichokuwa kikinichosha ni wao.

Jina langu Dhahabu binti Mwinyihaji, kwetu Likoni. Utotoni niliugua homa iliyonivimbisha magoti na viwiko, ikapoa, tukaisahau. Kumbe ilikuwa imeingia moyoni. Nilipofikia umri wa kuposwa nilikuwa siwezi kupanda mlima wa kutoka kivukoni bila kusimama kama bibi kizee, usiku nalala nimeketi, na nikikohoa makohozi yanatoka na damu. Baba akanivusha kwa feri, akanipitisha mjini na daraja la Nyali, akanileta hospitali ya misheni upande wa Kisauni. Ulikuwa mwaka ule wa maneno ya Mwambao, kila kibaraza watu wakigombana kama pwani itakwenda na Kenya au itabaki na Sultani, na baba hakuwa nyuma katika ugomvi huo. Nilidhani nikilazwa nitapumzika na mabishano.

Bahati yangu, kama ni bahati, wiki zile alikuwapo daktari bingwa wa moyo, Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu, aliyekuja kutoka Nairobi kupasua wagonjwa wachache kabla ya kupanda meli kurudi kwao. Alinisikiliza kifua, akasema ndani ya moyo wangu mna mlango uliokaza, na kwamba yeye anaweza kuufungua kwa kidole. Kwa kidole! Shangazi Mwanarusi aliposikia hivyo alisoma Ayatul Kursiyyu mpaka mwisho. Lakini walikubali. Kidole cha Mzungu ndani ya moyo wa mtoto wao hawakukigombania hata kidogo. Waligombania chupa.

Daktari aliwaita baba na shangazi kando ya kitanda changu. Mfasiri wetu alikuwa nesi Margaret, mzaliwa wa Frere Town, kijiji cha misheni jirani, mwanamke wa makamo, Kiswahili chake kimenyooka kama kanga iliyopigwa pasi. Alikuwa na tabia ya kufasiri kila neno kama lilivyotoka, haongezi wala hapunguzi, na tabia hiyo ndiyo iliyotuponza.

"Daktari anasema," akaanza, "mgonjwa akipasuliwa hutiwa maji mshipani. Lakini huyu si wa kutiwa maji ovyo. Maji ya chumvi, ambayo wengine tunawatia bila wasiwasi, kwake ni hatari. Mlango wa moyo ni mwembamba. Yakiingia mengi hayana pa kupita, yanarudi nyuma yanajaa kwenye mapafu, na chumvi inayashika yasitoke mwilini. Anaweza kuzama akiwa kitandani."

"Na maji ya sukari?" akauliza baba.

"Hayo atatiwa kidogo tu, ya kuweka njia ya sindano wazi. Hayakai mishipani. Akimwaga damu hayamsaidii."

"Hayapo mengine?"

"Yapo mazito. Hayo hukaa mishipani, yanaweza kumshikilia kwa muda. Lakini yakizidi, damu yake haigandi tena. Daktari anasema aliyepoteza damu hurudishiwa damu. Anataka chupa mbili ziwe tayari kabla hajashika kisu, na zisipokuwapo hashiki."

Mpaka hapo kila mtu alikuwa mtulivu. Damu yangu ilikuwa ya aina adimu; mjini ilipatikana chupa moja, ya pili ikabidi itafutwe kwetu. Wakaja watu wa Likoni wakatobolewa mikono: baba, ami zangu, binamu wa kila upande, hata shangazi, ambaye alipiga ukelele kabla sindano haijamgusa. Damu zote zikakataa. Ikakubali ya mtu mmoja tu, Ishaka.

Ishaka ni mtoto wa mjomba wangu, fundi cherehani pale karibu na kivuko, kijana mpole wa kuudhi. Ukimuuliza jambo leo, jibu utalipata akishalitia uzi na kulipima. Ndiye aliyekuwa mchumba wangu. Posa ilikwisha kupokewa, na harusi yetu ilikuwa iwe mwezi wa Mfungo Tatu kama ningekuwa hai.

Margaret alileta habari akiwa na furaha. "Zimelingana kabisa, kama za pacha," akasema. Neno hilo la pacha nalo halikutusaidia.

Daktari aliniona uso umenisinyaa, akadhani naogopa. Kusema kweli nilikuwa nataka wanipishe nikohoe. Akanishika bega, akasema maneno kwa Kiingereza, na Margaret akayafasiri kama kawaida yake, yote: "Anasema usiwe na hofu. Damu ya kijana huyu ikishaingia mwilini mwako itakuwa damu yako wewe mwenyewe."

Shangazi akaacha kunipepea. "Itakuwa nini?"

"Damu yake yeye mwenyewe."

"Ya Ishaka, iwe ya Dhahabu?"

"Ndiyo, Bi Mwanarusi. Haitakuwa na tofauti."

Shangazi akaweka upepeo chini. Namjua shangazi yangu. Mama alipofariki ndiye aliyenilea, na kila alipoweka kitu chini polepole namna ile, nyumba nzima ilikaa chonjo. "Mwinyihaji," akamwambia baba, "umesikia? Damu moja. Hawa wawili watakuwa ndugu."

"Ndugu vipi?" akauliza baba.

"Weye wauliza vipi? Watoto wawili wakinyonya ziwa moja, si huwa ndugu? Si haramu kuoana? Haya, ziwa latoka wapi kama si damuni? Ikiwa ziwa lililotoka damuni laharimisha, damu yenyewe je?"

Nilimtazama baba nikitumaini atacheka. Hakucheka. Alivua kofia akajikuna, na mtu aliyeweza kumjibu wakili wa Kimombasa mambo ya mkataba wa Sultani akakosa la kumjibu dada yake.

"Shangazi," nikasema, "Ishaka ni mtoto wa mjomba. Damu ni moja tangu zamani, na bado mlipokea posa."

"Damu ya kuzaliwa ni nyingine na ya kutiwa ni nyingine. Nyamaza, mwanangu, usijichoshe."

"Basi mimi nataka damu."

"Mwari hasemi."

Mwari hasemi! Nilitaka kumjibu, kikohozi kikanishika, na nilipomaliza kukohoa walikwisha kuhamia barazani kugombana vizuri.

Tangu siku ile hapakuwa na amani. Shangazi alimfuata Margaret kila alikokwenda. "Mtieni maji," akimwambia. "Maji hayana ukoo. Maji hayana baba wala mama. Nani aliwahi kuharimishwa kwa maji?" Margaret akaeleza tena habari ya mapafu. Shangazi akaitika kwa adabu zote, akasema naam, amefahamu, na kwa hivyo watatia maji gani?

Baba naye akaja na lake. Ana minazi, na mtu mwenye minazi hakosi dawa. Alifika asubuhi na madafu yamefungwa kwa makuti, akayapanga chini ya kitanda changu, akamngojea daktari. "Dafu si maji ya chumvi," akasema, "wala si ya sukari ya dukani. Limefungwa na Mungu mwenyewe, halijaguswa na mkono. Mtieni hili mshipani." Alisikia kwa askari waliorudi vitani kwamba huko walitiwa madafu wakapona.

Nilitaka kujifunika shuka mpaka kichwani. Daktari hakucheka, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema ni kweli, vitani watu wametiwa, lakini ndani ya dafu mna kitu ambacho kikiingia mshipani kwa wingi huusimamisha moyo, na mgonjwa mwenyewe moyo wake hauhitaji kusimamishwa na mtu. Kisha akapaaza sauti. Kufasiri hakukuhitajika. Shingo ilikuwa nyekundu mpaka masikioni. Margaret hata hivyo akafasiri: "Daktari anasema amevuka bahari kuja kufungua mioyo, na hapa anabishana habari za nazi. Anasema Alhamisi ndiyo siku yake ya mwisho kupasua. Chupa ya pili isipokuwapo, anafunga mizigo yake."

"Na mtoto?" akauliza baba.

Margaret alisita. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akisita. "Anasema mvua za masika hatazifikia."

Baba akakaa juu ya madafu yake. Alisema ataomba fatwa, hawezi kuharamisha ndoa ya mwanawe kwa kubahatisha. Akavuka kwenda kwa shekhe tunayemtegemea, akamkuta amesafiri kwenda Lamu kwa maulidi. Akampelekea mtu. Mtu gani atakwenda Lamu na kurudi kabla ya Alhamisi, na njia yenyewe ni ya mchanga na vivuko? Nilimuuliza baba hivyo. Akaniambia nisubiri. Nilikuwa nimekaa nimeegemea mito mitatu, naivuta pumzi kama mtu anayevuta ndoo kisimani, naye ananiambia nisubiri.

Shangazi alinikuta nalia. Alikaa, na siku hiyo hakuniambia ninyamaze. Akanipa kisa ambacho sikuwa nimewahi kukisikia. Ujanani alikuwa na rafiki yake huko Mtongwe, mke wa mtu, ana watoto. Siku moja akaja bibi mmoja wa ng'ambo, akamtazama mume, akamtazama mke, akasema wote wawili niliwanyonyesha mimi. Wakaachanishwa siku ileile. "Niliwasikia wakilia, Dhahabu, yeye na mumewe, ukuta mmoja tu kati yetu. Watoto wakawa hawajui wamwite nani baba. Siwezi kukutia weye mambo hayo. Wallahi siwezi."

"Na nikifa?"

Akanivuta miguu mapajani mwake. Alianza kunisugua kwa mafuta ya nazi, taratibu. Mtu mbaya ungemkasirikia ukaridhika. Shangazi ulikuwa huwezi hata kumkasirikia sawasawa, maana alikuwa akiniua kwa mapenzi.

Likabaki tumaini moja, Ishaka mwenyewe. Alikuja Jumatano mchana, akasimama mlangoni akisubiri kukaribishwa kana kwamba wadi ni sebule ya mtu. Shangazi akatuachia nafasi, akaenda kukaa mahali ambapo angesikia.

"Hujambo, Dhahabu."

"Sijambo unaniona? Umesikia wanayosema?"

"Nimesikia."

"Wewe wasemaje?"

"Nafikiri."

"Ishaka, fikiri upesi. Kesho ni Alhamisi."

Akazungusha kofia mikononi. "Shangazi yuwasema tukitiana damu tutakuwa ndugu. Yuwajua mambo hayo kunishinda."

"Shangazi hajui lolote! Amelisikia neno la Mzungu akalivalisha buibui!"

"Usipige kelele, utakohoa," akasema, na kweli nikakohoa. Alinishikia kopo mpaka nikamaliza. Alitazama damu iliyokuwa ndani ya kopo, akatazama kwa muda mrefu, kisha akaniaga. Kwaheri tu, hakunipa neno jingine. Nilimtazama mgongo wake akitoka nikamchukia. Nilisema moyoni, huo moyo wanaougombania: na huyu ndiye niliyekuwa nimjengee nyumba. Anaogopa asije akakosa harusi, naye bibi harusi mwenyewe anakwenda kaburini.

Alhamisi asubuhi Margaret alikuja na nguo ya kupasuliwa. Nikadhani amekosea kitanda.

"Damu imepatikana," akasema. "Imekwisha kutolewa, iko tayari. Baba yako ameridhia."

"Imetoka kwa nani?"

"Kwa ndugu yako."

"Sina ndugu. Ndugu yangu yupi?"

Lakini sindano ilikwisha kuingia, ulimi ukawa mzito, na kitu cha mwisho nilichokifikiri kabla ya kupoteza fahamu ni kwamba hata Margaret, aliyekuwa haongezi wala hapunguzi, sasa naye anapayuka.

Nilizinduka nina maumivu ubavuni ambayo sitaki kuyasimulia. Juu ya kichwa changu chupa ilikuwa imetundikwa, imebaki damu kidogo chini, na mpira wake unakuja mpaka mkononi mwangu. Nililala chali. Sikutambua mara moja kwamba nimelala chali, mto mmoja tu, na pumzi inaingia na kutoka bila kuvutwa na mtu. Nilipotambua nilitaka kucheka, ubavu ukanikataza.

Margaret alinieleza nilipoweza kusikiliza. Daktari alipotia kidole, nilimwaga damu nyingi kwa ghafla. Wakanitia yale maji mazito kunishikilia, wakafungulia chupa ya mjini, ikaisha, na nilikuwa bado natoka damu. Chupa ya pili ndiyo iliyonirudisha. "Isingekuwapo," akasema, kisha akanitengeneza shuka.

"Ni ya nani, Bi Margaret?"

"Ya Ishaka."

"Uliniambia ya ndugu yangu."

"Ndivyo alivyosema yeye. Mimi nilifasiri tu." Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo manesi walikatazwa. "Jumatano, alipotoka kwako, alimwendea baba yako pale nje, shangazi yako akiwapo. Akasema, 'Mzee, posa yangu naivunja. Tangu sasa mimi si mchumba wa Dhahabu, ni nduguye. Harusi haipo, kwa hivyo hapana kinachoharimika. Nitoeni damu.' Shangazi yako akalia. Baba yako akamuuliza mara ya pili, akasema vilevile. Kisha akaja kwangu akakunja mkono wa kanzu."

Nilimwambia Margaret aniache peke yangu. Sikulia kwa furaha, wala kwa shukrani. Nilikuwa na hasira za kupasua mshono. Yule mwanamume mpole, asiyeweza kukata kitambaa bila kukipima mara nne, amekata maisha yangu na yake kwa mchana mmoja, tena bila kuniuliza!

Jibu la Lamu lilifika nikiwa nimeanza kunywa uji. Baba alikuja nalo anakaribia kukimbia, shangazi nyuma yake. Shekhe alikuwa amecheka, akasema hivi: kinachoharimisha ni ziwa, tena kwa mtoto mchanga aliye katika umri wa kunyonya. Damu ya sindano ni dawa, haimfanyi mtu kuwa ndugu wa mtu, ingekuwa pipa zima.

"Alhamdulillahi," akasema baba.

Shangazi akaegemea ukuta. Alikaa chini akafunika uso kwa mtandio. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo kama nina njaa.

"Ishaka amekwisha kuambiwa?" nikauliza.

Hawajamwona. Alikuwa amejifungia dukani kwake, anashona usiku na mchana, na watu hawamsemeshi ovyo mtu anayeshona namna ile.

Alikuja mwenyewe siku ya pili, saa ya wageni. Hakusogea karibu. Alisimama miguuni pa kitanda, mahali wanaposimama kaka za watu, mkono mmoja bado una kitambaa mahali palipotobolewa, macho ameyaelekeza kwenye shuka.

"Hujambo, dada?"

Lo! Nilihisi joto linanipanda mpaka kwenye nywele. "Niite hivyo tena nikurushie hili kopo."

"Ndivyo ilivyo sasa," akasema polepole. "Tutazoea."

"Ishaka, nitazame. Ulipotoa ile damu ulijua kwamba maneno ya shangazi ni upuuzi?"

Akafikiri. Safari hii nilimngoja.

"Sikujua," akasema. "Niliamini. Mpaka sasa naamini."

"Na ukatoa."

"Niliona lile kopo."

Nilikuwa nimemwandalia maneno mengi, nimeyapanga tangu nilipozinduka, makali yote. Sikuyapata. Nilimwambia tu jibu la shekhe, neno kwa neno kama Margaret, haliongezwi wala halipunguzwi. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Akakaa sakafuni palepale, kati ya kitanda changu na cha jirani, akafunika uso kwa kofia yake na kulia kwa sauti mbele ya wadi nzima ya wanawake.

Nilimwacha alie. Aliponyamaza nilimwambia aende Likoni akamwambie mamake alete posa upya, maana ile ya kwanza ameivunja na shangazi hatakubali ya mkato. Na wakija, nikamwambia, wasimuulize baba wala shangazi. Waniulize mimi.

"Watasema mwari hasemi," akasema.

"Waniulize mimi," nikamwambia, "nitawajibu."